Rangi ya Chungwa Kwenye Negativu Si Kutu

Wiki hii nimeletewa tena bahasha ya negativu ambazo mwenye nazo alizitumbukiza kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ili kutu itoke. Kutu haikutoka kwa sababu haikuwapo. Kilichotoka ni jelatini, na jelatini ndiyo iliyoshika picha, kwa hiyo nilichopokea ni ukanda wa plastiki angavu wenye matundu pembeni, na picha za harusi ya wazazi wake zimekwenda na maji. Simlaumu, maana imani hiyo nimeisikia kwa wanafunzi wa upigaji picha, kwa wahudumu wa maduka ya kuchapisha picha hapa mjini, na hata kwa wazee waliokuwa wakipiga picha za kulipwa Uhuru Park enzi za filamu. Wote husema kwamba rangi ya chungwa iliyotanda kwenye negativu ni dalili ya uzee, na kwamba negativu nzuri ingekuwa angavu kama zile za picha zisizo na rangi. Si kweli, na kwa kuwa imani hii inateketeza vitu visivyoweza kupatikana tena, nitaieleza kwa kirefu.

Negativu ya rangi ina tabaka tatu kuu za emulsheni, yaani jelatini yenye kemikali zinazopokea mwanga. Filamu ikishasafishwa, fedha yote, yaani madini yaliyopokea mwanga, huondolewa na hubaki rangi: sayani (buluu yenye ukijani) kwenye tabaka lililopokea mwanga mwekundu, majenta (waridi iliyokolea) kwenye lililopokea kijani, na manjano kwenye lililopokea buluu. Majenta ingepaswa kuzuia kijani peke yake na kuziachia nyekundu na buluu zipite bila kuguswa, lakini hakuna aliyewahi kutengeneza majenta ya namna hiyo. Majenta iliyomo ndani ya filamu huzuia pia sehemu ya buluu, na sayani huzuia sehemu ya kijani na ya buluu, na kasoro hizo zikiachwa zilivyo, picha hutoka na rangi zilizofifia na kuingiliana.

Ufumbuzi ulipatikana Kodak katika miaka ya 1940, na jina linalohusishwa nao zaidi ni la mkemia Wesley T. Hanson. Kapla, yaani kemikali zilizomo ndani ya tabaka ambazo huungana na dawa ya kusafishia na kuzaa rangi, zilipewa rangi zao zenyewe tangu kiwandani. Kapla inayozaa majenta ilifanywa kuwa ya manjano. Pale mwanga ulipoingia, kapla hutumika kuunda majenta na umanjano wake hupotea. Pale mwanga usipoingia, kapla hubaki na umanjano wake wote. Matokeo ni kwamba buluu inayozuiwa na majenta kimakosa mahali pamoja hulingana na buluu inayozuiwa na kapla iliyosalia mahali pengine, na kasoro iliyokuwa ikipanda na kushuka kulingana na picha huwa kiwango kimoja kila mahali, ambacho mchapishaji anaweza kukifidia kwa kichujio. Kapla inayozaa sayani nayo ilipewa wekundu kwa sababu hiyo hiyo. Manjano na wekundu vikikaa pamoja, jicho huona chungwa, na chungwa hiyo ndiyo tunayoiita maski.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu hata wanaokubali kwamba maski iliwekwa kwa makusudi huidhania kuwa kama ile karatasi nyeusi inayobandikwa kwenye vioo vya magari: kitu kilichotandazwa sawasawa juu ya filamu nzima, ambacho ukikibandua unabaki na picha safi chini yake. Sivyo hata kidogo. Maski yenyewe ni picha. Ni picha chanya hafifu, yaani zisizogeuzwa mwanga na giza, zilizolala ndani ya tabaka zilezile zenye picha hasi, nzito pale ambapo picha hasi ni nyepesi, na nyepesi pale ambapo picha hasi ni nzito. Inayolingana kila mahali ni jumla ya maski na kasoro ya rangi, wala si maski peke yake, na mtu akigundua leo dawa ya kuiyeyusha maski bila kugusa kitu kingine, atakuwa amezirudisha kasoro ambazo wakemia wale walizifuta. Sioni sababu ya jambo hili kuendelea kufundishwa kwa sentensi moja isemayo kwamba chungwa "huondolewa na kompyuta", kana kwamba kuna kitu cha kuondoa.

Kwa mtu anayeskani, tofauti hiyo ina uzito wa moja kwa moja. Programu nyingi za simu hugeuza rangi zote, chungwa ikawa buluu, kisha huipunguza buluu hiyo kwa kutoa kiasi kilekile kwenye picha nzima. Lakini mwanga ukipita kwenye rangi moja na kisha nyingine, viwango vyake huzidishwa, havijumlishwi. Sehemu isiyopigwa mwanga kwenye filamu ya kawaida ya C-41, mchakato wa kusafishia filamu za rangi, ina ukolezi (kipimo cha logi cha mwanga unaozuiwa) wa karibu 0.2 kwa mwanga mwekundu, 0.6 kwa kijani na 0.9 kwa buluu, maana yake ni kwamba takriban asilimia 63 ya mwekundu hupita, robo ya kijani hupita, na buluu hupita thumuni tu. Kwa hiyo thamani ya kila chaneli, yaani nyekundu, kijani au buluu, hugawanywa kwa thamani ya chaneli hiyo hiyo kwenye ukingo usiopigwa mwanga, kisha ndipo picha hugeuzwa. Ukitoa badala ya kugawanya, unaweza kufaulu kuvinyoosha vivuli, lakini mawingu na mashati meupe yatapinda kuelekea rangi nyingine, na ukiyanyoosha hayo, vivuli vitapinda upya. Watu hukesha wakihangaika na picha moja na kuishia kuilaumu filamu, ilhali hesabu ndiyo iliyokosewa mwanzoni.

Thumuni ile ya buluu pia ndiyo inayoleta chembechembe, yaani vinukta vya fujo kwenye picha. Kamera au skana ikipewa muda mmoja wa mwanga kwa chaneli zote, buluu hupata chakula kidogo mno, na kuiongeza baadaye kwenye kompyuta ni kuongeza chembechembe zake pia. Ninapendelea kutumia mwanga wenye ubuluu tangu mwanzo, au kuipa kila chaneli muda wake kama mashine inaruhusu. Sampuli ya ukingo ichukuliwe kwenye roli ileile unayoskani, kwa sababu maski hutofautiana baina ya aina za filamu, baina ya maabara, na hata kwa umri, kwani kapla iliyosalia huendelea kubadilika rangi polepole. Kwenye 35mm, nafasi iliyo kati ya fremu inafaa, mradi hakuna mwanga uliovuja. Kwenye filamu za kaseti za 126 na 110, kiwanda kilikwisha kuchoma mistari kuzunguka fremu, kwa hiyo ukichukua sampuli hapo utapata jibu la uongo.

Kutambua filamu huanzia ukingoni, na ndiyo maana huwa ninasikitika nikiona vipande vilivyokatwa kwa mkasi kufuata picha. Mezani kwangu sasa kuna kipande cha fremu nne za mraba, milimita 28 kwa 28 hivi, chenye tundu moja tu kwa kila fremu. Hiyo ni 126, filamu ya kamera za Instamatic zilizoingia sokoni mwaka 1963. Nikikigeuza mpaka maandishi ya ukingoni yasomeke sawasawa, upande unaonitazama huwa ni ule wa plastiki inayong'aa, na emulsheni huwa chini, na ninasoma KODACOLOR-X. Filamu hiyo nayo ilitoka 1963, na haikusafishwa kwa C-41 bali kwa mchakato uliotangulia, C-22, kwenye dawa yenye joto la nyuzi 24 hivi badala ya 37.8. Mama aliyemo amesimama mbele ya nyumba ya mabati, ameshika mtoto aliyefungwa shali, na nyuma yake kuna udongo mwekundu mtupu. Kingo za kipande zimeanza kujikunja, na ukikisogeza puani kina harufu ya siki, ambayo ni asidi inayotoka kwenye plastiki ya asetati inapooza. Ninakitenga na vingine, kwa sababu asidi hiyo huharakisha uozo wa vile vilivyo jirani.

C-41 ilikuja 1972 pamoja na Kodacolor II na kamera ndogo za 110, zenye fremu ya milimita 13 kwa 17. Ukiona msimbopau umechapwa kando ya filamu ya 35mm, filamu hiyo si ya kabla ya 1983. Negativu ya rangi isiyo na chungwa kabisa haijapauka: Kodacolor za kwanza za 1942, Agfacolor za zamani na baadhi ya filamu za ORWO za Ujerumani Mashariki hazikuwa na maski. Kinyume chake pia kipo, kwani Kodak BW400CN ina chungwa ingawa picha zake hazina rangi. Slaidi ni somo jingine.

Yapo maradhi ya kweli, na yanastahili hofu ambayo watu huielekeza kwenye maski. Kapla ya majenta ambayo haikutumika huweza kuishambulia majenta iliyokwisha kuundwa, na ili kuzuia hilo filamu za zamani za C-41 zilipitishwa mwishoni kwenye dawa yenye formaldehidi. Maabara iliyoruka hatua hiyo kwa kubana matumizi haikuonekana na kosa siku ya kukabidhi picha, ila miaka ishirini baadaye familia inakuta majenta imepungua na rangi za picha zimepotoka. Maradhi ya pili yananichosha zaidi kwa kuwa hayatambuliwi: dawa ya kuondolea fedha ilitumiwa mpaka ikachoka, na sehemu ya fedha ikabaki ndani ya filamu. Negativu huonekana nzito na yenye chembe kubwa, na mtu huambiwa kwamba mpiga picha alizidisha mwanga. Skana yenye miale ya infraredi hulitambua jambo hili mara moja. Rangi za filamu hupitisha infraredi, ndiyo maana miale hiyo hutumika kutambua vumbi na mikwaruzo, lakini fedha haipitishi. Ukitazama chaneli ya infraredi na kuona sura za watu badala ya vumbi tu, fedha imo. Tofauti na maski, hii inaweza kuondolewa kweli, kwa kuirudisha filamu kwenye dawa mpya ya kuondolea fedha na ya kugandisha, kisha kuisafisha kwa maji ya kutosha. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye maabara, wala si kwenye karai la nyumbani.

Linaloniumiza kichwa mpaka leo ni ngozi. Kwa miongo mingi maabara duniani zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na picha za karatasi zilizotoka kwenye mashine hizo ziliwaonyesha watu wetu wakiwa na nyuso nyeusi zisizo na maumbile, meno na macho tu. Negativu zilezile mara nyingi zina kila kitu: mstari wa shavu, mng'ao wa mafuta kwenye paji la uso, mikunjo ya nyuzi za kilemba. Kwa hiyo mteja akinipa picha ya karatasi na kuniomba rangi zifanane nayo, humweleza kwanza kwamba karatasi hiyo ilikwisha kumnyima mama yake nusu ya uso. Programu za leo nazo zina upofu wao. Zinapokutana na fremu iliyojaa udongo mwekundu wa Kiambu, hudhani ni kasoro ya rangi, huusukuma uwe kijivu, na ngozi ya aliyesimama juu yake hugeuka kuwa ya kijani. Mimi huzima urekebishaji wote wa moja kwa moja na kuanza na ukingo wa filamu.

Hata hivyo, rangi tatu za filamu zikishapauka kwa viwango tofauti, ukingo hautoshi tena, kwani hueleza tu hali ya sehemu isiyo na picha. Hapo ninaamua mwenyewe. Ninapoamua kwamba shali ya yule mtoto ilikuwa ya waridi na si ya zambarau, ninatumia uzoefu, vitu vingine vilivyomo kwenye fremu, na maelezo ya familia, ambayo mara nyingi hupingana. Vitabu huiita hatua hii urejeshaji, lakini kwa maoni yangu ni ukadiriaji, na kwenye faili ninaandika hivyo: rangi zimekadiriwa. Sijaridhika kwamba hilo linatosha, kwa sababu mjukuu atakayeipokea picha kwenye simu hatauona mwandiko wangu.

Kuhusu mashine sitakawia. Skana bapa yenye taa kwenye kifuniko inatosha kwa filamu pana za roli za 120, lakini kwa 35mm usiamini nukta 6,400 kwa inchi zilizoandikwa kwenye boksi, kwani uwezo halisi haufiki hata nusu. Kwa skana ya filamu inayofikia kweli nukta 4,000, fremu ya 35mm hutoa takriban pikseli 5,670 kwa 3,780, na kwa filamu ya kawaida ya familia hakuna zaidi ya kutafuta. Skani kama picha chanya, biti 16 kwa chaneli, uhifadhi faili hiyo ya chungwa ikiwa na ukingo wake, na ugeuze nakala.

Kama una sanduku zima, usianze na zile zenye msimbopau, hata kama ndizo zinazokuvutia. Anza na zenye harufu ya siki, kisha zile zilizosafishwa kwa C-22, kisha zilizokaa Mombasa au Kisumu, ambako unyevu huzalisha kuvu inayokula jelatini. Vumbi uliondoe kwa kipulizio cha mpira na uvae glovu za pamba. Kuvu iliyokwisha kuota usiipanguse kwa maji, kwa sababu jelatini iliyotafunwa huyeyuka na kubebwa na kitambaa. Niletee ilivyo, kwenye bahasha ya karatasi, bila kuikata.