Risasi iliyolowa si lazima iwe imekufa

Wengi tumekua tukiamini kwamba risasi ya bastola ikishaingia maji, kwisha kazi. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake enzi za gobore: baruti nyeusi humiminwa mtutuni ikiwa wazi, na shura iliyomo, madini yanayoisaidia kuwaka, huyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Mvua moja tu, na mwindaji anarudi mikono mitupu.

Risasi ya kisasa, tuseme ya milimita 9, ni kitu kingine. Itazame kwa karibu: ganda la shaba ya manjano, juu kichwa kimebanwa barabara, chini fataki, kile kidude kinachogongwa ili kuwasha baruti, imeshindiliwa kwenye kitundu chake. Za kijeshi mara nyingi huzibwa kwa vanishi. Utaona kijiduara cha rangi kuizunguka fataki. Ndani mna baruti isiyotoa moshi, aina aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ambayo hata ikilowa kisha ikakauka bado huwaka. Ikidumbukia mtoni dakika chache ikatolewa, kwa kawaida italia.

Ila si zote. Zilizojazwa upya kwa mkono bila kuzibwa, au zilizokaa kwenye maji ya chumvi hadi ganda likaota kutu ya kijani, hizo usiziamini. Hata mafuta mepesi ya kulainishia silaha, ajabu, yanaweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Na hatari kubwa si risasi kukataa kabisa. Ni kuwaka nusunusu, kichwa kikakwama mtutuni, kisha mtu akafyatua nyingine nyuma yake. Hapo bastola inaweza kupasuka mkononi.