Maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa mbwa

Wengi tumekua tukiamini kwamba mtoto wa mbwa akiletwa nyumbani, cha kwanza kumwandalia ni bakuli la maziwa ya ng'ombe. Ni imani yenye huruma ndani yake. Ila maziwa ya mbwa yana protini na mafuta takriban mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari ya maziwa iliyo pungufu. Sukari hiyo ikizidi humfanya aharishe, na mwili mdogo kama ule hupungukiwa maji upesi.

Akifika wiki 8 kwa kawaida ameshaacha kunyonya. Mwekee maji safi na chakula laini alichozoea alikotoka.

Umeshampa maziwa? Angalia kinyesi chake kesho yake. Kikiwa cha majimaji, yaache. Kikiwa na damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.