Vumbi la mawe na zege: maziwa hayasafishi mapafu

Maswali haya huulizwa sana na mafundi wa granaiti, terazo na tailizi, na vibarua wa kwenye makarasha ya mawe ya dhahabu.

Vumbi lote lina madhara sawa?

Hapana. La kuogopa zaidi ni lenye silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, zege, matofali, granaiti na miamba mingi inayobeba dhahabu. Punje zinazofika chini kabisa mapafuni hazizidi mikroni 10, na nyingi ni ndogo zaidi. Unywele wako una unene wa mikroni kama 70. Kwa hiyo lile vumbi unalolipenga puani jioni limeshanaswa. Linaloua ni lile unaloliona pale tu mwale wa jua unapopenya tundu la bati, linaelea hata saa kadhaa baada ya grainda kuzimwa.

Nikinywa maziwa baada ya kazi, si yanaosha kifua?

Hayaoshi. Maziwa yanapita kwenye umio na kuingia tumboni. Vumbi limepita kwenye njia ya hewa na kuingia mapafuni. Ni njia mbili tofauti, na tone moja tu la maziwa likikosea njia unapaliwa mpaka machozi yatoke. Sasa hayo ya kuosha yangefikaje huko?

Mbona nikinywa kooni kunalainika na kikohozi kinatulia?

Kwa sababu umeosha koo. Maji ya kunywa yangefanya hivyo hivyo, tena kwa bei nafuu. Silika iliyokwisha kuingia ndani haitoki: mwili unajaribu kuimeza, unashindwa, na pafu linaweka makovu pale ilipo. Makovu yakizidi ndiyo huitwa silikosisi.

Bosi hatupi barakoa, anatupa paketi ya maziwa kila mtu. Si afadhali kuliko kukosa?

Maziwa ni chakula, kunyweni. Lakini hayazuii vumbi, hayatoi vumbi, na hayatibu kilicholetwa na vumbi. Hesabuni paketi hizo kwa mwezi mmoja, kisha muulizeni bei ya mpira wa maji na pampu ndogo.

Sasa tufanye nini karakanani?

Maji kwanza. Msumeno wa meza wa kukatia mawe uwe na pampu inayomwaga maji pale diski inapogusa jiwe, si pembeni. Kwa mashine ya mkono ya kukatia zege, lenga angalau nusu lita kwa dakika. Ukiona vumbi linaruka, maji hayatoshi au tundu limeziba. Grainda ya kawaida ya umeme usiimwagie maji, itakupiga shoti. Tumia iliyotengenezwa kwa kazi ya maji, au uifunge kava lenye bomba linaloingia kwenye mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata punje ndogo sana.

Bomba la kufyonza vumbi, watu huliweka ukutani, mbali, halafu wanalalamika halivuti. Bomba lenye upana wa sentimita 15, likisogezwa sentimita 15 tu kutoka kwenye diski, kasi ya mvuto inabaki kama sehemu moja ya kumi. Lisogeze hadi karibu ligusane na kazi.

Tope zoa likiwa bado bichi, kwa sababu likikauka ni vumbi lilelile la jana. Usifagie pakavu. Na tafadhali, acheni kupuliza nguo kwa kompresa jioni: kwa dakika moja unajirudishia usoni vumbi la siku nzima, na aliye jirani yako naye analivuta. Badilisha nguo kazini, zifuliwe peke yake, zisiguse za watoto.

Kitambaa cha kufunga puani kinatosha?

Hakitoshi, hata kikilowanishwa. Wala barakoa ya buluu ya hospitali, maana hewa inaingia pembeni. Tafuta barakoa ya kuchuja vumbi, iliyoandikwa N95 au FFP2. Mkanda wa juu ukae kisogoni, wa chini shingoni chini ya masikio, kisha bana waya wa pua. Puliza kwa nguvu: ukisikia upepo kwenye macho au mashavu, haijakaa. Ndevu zinaizuia kukaa. Ikilowa au ikianza kubana pumzi, itupe.

Nakohoa mwezi wa pili sasa. Si ni vumbi tu?

Nani kakupima? Kikohozi cha wiki mbili kinapimwa makohozi, kwa sababu silika inadhoofisha ulinzi wa mapafu na mwenye silikosisi yuko katika hatari ya kifua kikuu takriban mara tatu au zaidi ya asiye nayo. Dalili zinafanana: kukohoa, kukonda, kuchoka, kubanwa pumzi. Huwezi kuzitenganisha ukiwa nyumbani, na duka la dawa haliwezi. Wengi hufika wakiwa wameshamaliza chupa kadhaa za dawa ya kikohozi na antibiotiki za kuokoteza, na wamekunywa maziwa miezi yote hiyo, huku wakilala chumba kimoja na watoto. Tanzania na Kenya, kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Usisubiri damu.

Silikosisi yenyewe ina dawa?

Ya kuondoa makovu hakuna. Kinachosaidia ni kutoka kwenye vumbi mapema.

Niliacha kazi ya karasha miaka mitano iliyopita. Bado inanihusu?

Inakuhusu. Silikosisi mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, na inaweza kuendelea hata ukishaacha. Ukifika kituoni usiseme "nafanya vibarua" tu. Sema ulisaga mawe, miaka mingapi, kwa maji au pakavu, kisha omba picha ya kifua pamoja na kipimo cha makohozi. Ukiwa Tanzania Bara na uliajiriwa, cheti cha daktari kihifadhi, kwa maana ugonjwa unaotokana na kazi unadaiwa fidia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huko wataulizia maandishi.