Ramani ya akilini: namna ubongo unavyomwongoza dereva

Dereva anayeijua njia na dereva anayelijua jiji si wa aina moja, ijapokuwa siku za kawaida wote wawili hufika waendako. Tofauti yao hujitokeza siku barabara inapofungwa. Wa kwanza ameshika mfululizo wa vitendo: kwenye mataa kata kushoto, ukipita sheli ingia barabara ya pili, kisha nyoosha mpaka kipilefti; hatua moja ikiondolewa, zilizobaki hazimfai kitu. Wa pili anajua alipo, anajua aendako, na anajua jinsi sehemu hizo mbili zilivyokaa, kiasi kwamba anaweza kupita mtaa asioupita hata siku moja na bado akatokea upande alioukusudia. Ujuzi huu wa pili ndio unaoitwa ramani ya akilini, yaani ufahamu wa mpangilio wa mahali ambao haukufungwa na safari yoyote moja.

Dhana hii ilipata jina lake mwaka 1948, katika makala ya mwanasaikolojia Edward Tolman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wataalamu wengi wa wakati wake waliamini kwamba panya anayejifunza kupita vichochoro vya maabara hujifunza kona tu, kulia na kushoto, kwa mazoea. Tolman na wenzake waliwazoesha panya kufuata njia ya mzunguko hadi kwenye chakula, kisha wakaiziba njia hiyo na kuwafungulia njia nyingine nyingi zilizotawanyika kama miale ya jua. Njia iliyochaguliwa na panya wengi kuliko nyingine zote ni ile iliyoelekea moja kwa moja mahali chakula kilipokuwa, ingawa hakuna aliyewahi kuipita. Kwangu mimi, jaribio hilo linaeleza maana ya ramani ya akilini kuliko fasili yoyote.

Mahali ramani hiyo inapokaa palianza kujulikana mwaka 1971, pale mtafiti John O'Keefe wa London alipotangaza, pamoja na mwenzake, kwamba katika hipokampasi ya panya kuna seli ambazo kila moja huchangamka mnyama anapokuwa mahali fulani tu. Hipokampasi ni sehemu ndogo iliyopinda kama farasi wa baharini, nayo binadamu anazo mbili, moja kila upande wa ubongo. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, wakiwa Trondheim nchini Norway, waliripoti katika eneo jirani seli za gridi, ambazo kila moja huchangamka mahali pengi palipoachana kwa umbali unaolingana, na hivyo kuupatia ubongo kitu mfano wa vipimo vya umbali. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014. Isieleweke, hata hivyo, kwamba kichwani mwetu mna mchoro uliotandazwa kama karatasi; kilichopo ni seli nyingi zinazoshirikiana kukadiria mtu yuko wapi na ameelekea wapi.

Kwa upande wa madereva, hakuna kundi lililochunguzwa kwa makini kama madereva wa teksi wa London. Anayetaka leseni ya jiji zima hutakiwa kujifunza mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya jiji, na kazi hiyo kwa kawaida humchukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya madereva hao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na kwamba ukubwa huo uliendana na miaka waliyokaa kazini. Swali la haki likazuka: je, kazi ndiyo iliyoikuza, au wenye hipokampasi ya namna hiyo ndio wanaoiweza kazi? Jibu lilipatikana mwaka 2011, baada ya kuwapima wanagenzi 79 kabla ya mafunzo na kuwapima tena baadaye. Mwanzoni hawakutofautiana; mwishoni, waliofaulu ndio walioonekana kuongezeka sehemu hiyo, na walioshindwa hawakubadilika.

Ulinganisho wa mwaka 2006 kati ya madereva hao na madereva wa mabasi wa jiji hilohilo una uzito wa pekee, kwa sababu wote hushinda kwenye usukani na foleni ni ileile, ila basi lina ruti yake. Hali hiyo inafanana na ya dereva wa daladala aliyezoea Mbagala na Kariakoo, akilinganishwa na bodaboda anayeitwa sasa Tandale na baadaye Mikocheni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wa teksi, lakini walikuwa dhaifu zaidi katika kukumbuka mchoro mpya waliouona muda mfupi uliopita. Ujuzi wao, basi, ulikuwa na gharama.

Ramani yenyewe haitumiki kwa nguvu ileile safari nzima. Madereva wa teksi walipoendesha katika London ya mchezo wa kompyuta huku ubongo wao ukipimwa, hipokampasi ilichangamka hasa abiria alipotaja aendako na njia ikawa inapangwa. Baada ya hapo ilitulia. Mwaka 2017 watafiti wa London waliwapima watu 24 waliokuwa wameshajifunza mitaa ya Soho, eneo la katikati ya jiji hilo. Walipotafuta njia wenyewe, hipokampasi yao ilichangamka kila walipoingia mtaa mpya, na ilizidi kadiri mtaa ulivyokuwa na matawi mengi. Walipofuata maelekezo ya kifaa cha kuonyesha njia, mwitikio huo haukuonekana.

Dereva mmoja mzoefu wa teksi wa London aliharibika hipokampasi pande zote mbili. Watafiti walipompima katika London ya kompyuta, alizitambua alama za jiji, alijua mpangilio wake kwa jumla, na kwenye barabara kuu alikwenda vizuri kama wenzake. Safari ilipomtaka aziache barabara hizo na kuingia mitaani, alipotea.