Je, wajua kwa nini AC Milan haiandikwi "Milano"?

Mji wenyewe ni Milano, na ndivyo ramani za Italia zinavyouandika. Klabu ya soka ya mji huohuo ni Milan, bila o. Kwenye vibanda umiza ubishi huu hauishi: hiyo herufi imeangushwa na watangazaji wa Kiingereza, au jina ndilo hilo?

Jina ndilo hilo, na Waitaliano wenyewe ndivyo wanavyoliandika. Klabu ilianzishwa Desemba 1899 na Waingereza na Waitaliano wakazi wa mji huo, akiwamo Herbert Kilpin, mzaliwa wa Nottingham aliyefanya kazi za nguo. Wakaiita Milan Foot-Ball and Cricket Club. Jina lote la Kiingereza, na mji ukaandikwa kwa Kiingereza.

Wapo wanaopinga. Wanasema limetoka kwenye Kilombardi, lugha ya asili ya wenyeji, ambao nao huuita mji wao Milan. Hoja nzuri, ila sikio linaikataa. Kilombardi huweka mkazo mwishoni: mi-LAN. Mashabiki wa Italia wakiitaja timu yao husema MI-lan, mkazo mwanzoni, kama Waingereza wa zamani walivyoutamka mji huo. Kwangu ushahidi huu ni mzito kuliko wa karatasi yoyote. Tahajia hubadilishwa kwa amri. Matamshi mtoto huyapata kwa baba yake uwanjani.

Na amri ilikuja kweli. Utawala wa kifashisti wa Benito Mussolini haukutaka maneno ya kigeni, na mwishoni mwa miaka ya 1930 klabu ikalazimika kuitwa Associazione Calcio Milano. Klabu ya Genoa walikuwa wameshaonja machungu hayo. Hao ndio mabingwa wa kwanza wa Italia, mwaka 1898, na klabu yao pia ilianzishwa na Waingereza ikabeba jina la mji kwa Kiingereza. Mwaka 1928 wakageuzwa Genova, jina la mji huo kwa Kiitaliano. Inter, wapinzani wa Milan katika mji huohuo wa Milano, walipata pigo kubwa zaidi: mwaka huohuo waliunganishwa na klabu nyingine, jina lao likafutwa, wakawa Ambrosiana, kutokana na Mtakatifu Ambrose, msimamizi wa mji wa Milano.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, wote watatu walidai majina yao wakayapata. Hapo Milan walifanya jambo ninalolipenda sana. Hawakurudi kwenye Kiingereza kitupu cha waasisi. Associazione Calcio, yaani chama cha soka, waliibakiza kwa Kiitaliano, wakaondoa ile o tu. Ndiyo maana AC ni ya Kiitaliano na Milan ni ya Kiingereza, katika jina moja, hadi leo.

Kwa hiyo "AC Milano" lilikuwa jina sahihi kwa miaka michache tu, tena la kulazimishwa. Ukiandika habari zao leo, mechi inachezwa Milano, na timu iliyoko uwanjani ni Milan.