Je, wajua ni kwa nini filamu ya Look Back haifiki hata saa moja?

Tarehe 19 Julai 2021, jukwaa la mtandaoni la Shonen Jump+ la shirika la uchapishaji la Shueisha lilitoa katuni ya Tatsuki Fujimoto iitwayo Look Back, hadithi ya kurasa zipatazo 140 iliyotolewa yote kwa mkupuo mmoja. Filamu ya uhuishaji ya katuni hiyo, iliyoongozwa na Kiyotaka Oshiyama katika studio yake ya Durian, iliingia katika majumba ya sinema ya Japani tarehe 28 Juni 2024 ikiwa na urefu wa dakika 58 tu. Hadithi fupi inapopelekwa kwenye sinema, mara nyingi huongezewa wahusika na visa hadi ifikie saa moja na nusu. Kwa nini hii haikurefushwa?

Sababu ya kwanza imo katika kurasa zenyewe. Fujino ni mwanafunzi wa shule ya msingi ambaye vibonzo vyake vya fremu nne huchapishwa katika gazeti la shule na kumpatia sifa tele, mpaka siku inapotokea kando yake kazi ya Kyomoto, msichana aliyejifungia nyumbani asiyehudhuria masomo, ambaye michoro yake ya mandhari inaifanya ya Fujino ionekane ya kitoto. Kuanzia hapo tunamwona Fujino ameinamia meza, ametugeuzia mgongo, picha baada ya picha bila neno lolote, huku kinachobadilika kikiwa ni majira nje ya dirisha, nguo alizovaa na madaftari yanayozidi kurundikana. Miaka inapita katika kurasa chache, na ni msomaji anayeamua akae wapi na apite wapi upesi. Kisa kama hicho ukikijaza maelezo na mazungumzo, utakuwa umeziba ule ukimya unaokibeba.

Oshiyama hakuongeza visa; aliongeza mwendo. Mfano bora, kwa maoni yangu, ni pale Fujino anapopeleka cheti cha kuhitimu cha Kyomoto, naye Kyomoto akatoka mbio, akamwita Fujino “mwalimu” kwa heshima na kumwomba atie saini mgongoni mwa koti lake. Fujino anajifanya hajali kabisa. Akishakata kona, mvua ikimnyeshea, miguu inaanza kumsaliti: anarukaruka, anatupa mikono, anakanyaga madimbwi kama mtu aliyepandwa na wazimu wa furaha. Katika katuni furaha hiyo imebanwa katika picha zilizotulia. Katika filamu imeachwa ikimbie mpaka iishe pumzi, bila mtu kusema kitu.

Sababu ya pili ni kwamba mwendo wa namna hiyo una gharama yake. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na katika uhuishaji wa Kijapani mchoro mmoja kwa kawaida hushikiliwa kwa fremu mbili au tatu, yaani michoro 8 hadi 12 kwa kila sekunde ya mwendo. Katika studio nyingi wachoraji wakuu huchora mikao muhimu, kisha wengine hunakili kwa mistari safi iliyolingana, ambayo ndiyo mtazamaji huiona. Hapa mistari ya wachoraji wakuu, pamoja na mikwaruzo na unene wake usio sawa, iliachwa ifike kwenye skrini, na Oshiyama mwenyewe akachora sehemu kubwa ya kazi hiyo. Uamuzi huo unafaa sana kwa hadithi inayohusu mikono ya watu wanaochora, lakini kundi dogo linalofanya kazi hivyo haliwezi kujaza saa mbili bila kushusha ubora.

Urefu huo mfupi haukuizuia kushinda tuzo ya filamu bora ya uhuishaji katika Tuzo za Akademia ya Japani mwaka 2025. Nchini humo tiketi yake iliuzwa kwa bei moja ya yeni 1,700 kwa watazamaji wote, bila punguzo la wanafunzi wala wazee.