Slipu zilipoondoka: wafunguzi walivyoigeuza kriketi ya siku tano

Vijana ninaowafundisha kriketi jioni hapa mjini Unguja wote wanataka kufungua, yaani kuwa miongoni mwa wawili wanaoingia kupiga mwanzo. Enzi zetu nafasi hiyo ilikuwa ya kusukumiana. Alipewa mwenye subira na mifupa migumu, na wenye mikono mizuri wakakaa kivulini kusubiri mpira uchakae. Siku hizi mtoto wa skuli anakuja Mnazi Mmoja na nia ya kuupeleka mpira wa kwanza barabarani. Geuzo hilo halikuanzia kwetu, na wengi wanaolizungumza wanakosea chanzo chake. Wanasema ni kasi ya kukusanya mikimbio, yaani pointi za kriketi. Mimi nasema tazama wapi wanasimama wadakaji.

Kwanza mpira wenyewe. Wa mechi za Testi, yaani zile za kimataifa za siku tano, ni wa ngozi, mwekundu, una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na mshono wake umetuna. Ukiwa mpya unang'aa na ni mgumu kama jiwe. Mrushaji hodari anaupinda hewani, kisha ukitua kwa mshono unabadili njia tena, na kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa mpigaji ana kama nusu sekunde tu ya kuamua. Nyuma yake, ubavuni mwa kipa, nahodha wa warushaji amepanga slipu tatu na gali, yaani wadakaji wa karibu, wote wamechutama wakingojea mpira uguse ukingo wa gongo. Baada ya ova 80, kila ova ni mipira sita, anaruhusiwa kuchukua mpira mpya mwengine, na mateso yanaanza upya.

Dawa ya zamani ilikuwa kuacha. Mpira usiolenga vijiti vitatu unavyovilinda unauangalia ukipita, basi. Saa ya kwanza ni ya mrushaji, makocha walitwambia, zilizobaki ni zako. Bingwa wa mafundisho hayo ni Sunil Gavaskar wa India, mtu wa kwanza kufikisha mikimbio 10,000 ya Testi, mwaka 1987, na mpaka leo sijaona ulinzi safi kuliko wake.

Wakorofi walikuwepo, tusijidanganye. Victor Trumper wa Australia alipiga mikimbio mia kabla ya chakula cha mchana pale Old Trafford mwaka 1902. Roy Fredericks wa West Indies aliwapiga Lillee na Thomson, warushaji wa kasi wa Australia, mikimbio 169 kwa mipira 145 mjini Perth mwaka 1975, na mwenzake Gordon Greenidge akafanya 214 bila kutolewa pale Lord's mwaka 1984, timu yake ikaifikia shabaha ya 342 kwa kupoteza wiketi moja tu, yaani mpigaji mmoja tu kutolewa. Watu wakashangilia, kisha makocha wakarudi kufundisha kuacha. Miaka ya 1990 wakaja Michael Slater na Sanath Jayasuriya, akafuata Matthew Hayden, na ukorofi ukaanza kuzoeleka.

Halafu Virender Sehwag wa India. Huyu hakuwa mfunguzi hata kidogo. Mechi yake ya kwanza ya Testi, Bloemfontein mwaka 2001, aliingia namba 6 na akapiga mia. Lakini safu ya kati ya wapigaji wa India ilikuwa imejaa Dravid, Tendulkar, Ganguly na Laxman, kwa hiyo mwaka 2002 wakiwa Uingereza akapandishwa juu kwa kukosa pa kukaa. Lord's akafanya 84, Nottingham 106. Hakubadilisha namna yake ya kupiga kwa ajili ya mpira mpya, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia warushaji.

Fuatilia hesabu ya nahodha. Sehwag anaupiga mpira wa pembeni, ule ambao Gavaskar angeuacha, unapita juu ya gali hadi mpakani. Mara mbili, mara tatu. Nahodha anamtoa slipu wa tatu anampeleka mpakani. Ova mbili mbele anamtoa na wa pili. Sasa mpira ukigusa ukingo unapita patupu, na kosa lililokuwa wiketi limekuwa mikimbio 4. Mrushaji naye anaogopa kupigwa mbele, anafupisha urefu wa mpira, na mpira mfupi haupati nafasi ya kupinda vizuri hewani. Ubao wa mpakani nao unaukwaruza mng'aro. Anayejua soka ataelewa haraka: winga akimkimbiza beki wa pembeni vya kutosha, beki huyo hapandi tena kushambulia. Mpigaji amejilinda kwa kushambulia.

Faida ya pili ni muda, na kwangu hii ni kubwa zaidi. Siku moja ya Testi ni ova 90, na ushindi unahitaji wiketi 20. Timu inayokusanya 400 kwa siku moja badala ya siku moja na nusu imewapa warushaji wake ova za ziada za kutafuta wiketi hizo. Mara nyengine muda huo ndio unaookoa mbio za mwisho. Chennai, Disemba 2008, Uingereza iliiwekea India shabaha ya 387. Kwa mawazo ya zamani timu ingeomba sare. Sehwag jioni ile ya siku ya nne akapiga 83 kwa mipira 68, India wakalala wakiwa 131 kwa wiketi moja, na siku ya mwisho zilibaki 256 tu. Tendulkar alimaliza kwa mia yake, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa Sehwag, na walioitoa walijua wanachokifanya.

Wapo wanaoipa sifa yote kriketi ya ova 20. Tarehe zinawakatalia. Mashindano ya kwanza ya aina hiyo yalianza Uingereza mwaka 2003, na mechi za kimataifa za wanaume mwaka 2005. Sehwag alipopiga 309 Multan mwaka 2004 hajacheza hata moja ya kimataifa. Ova 20 zilichofanya ni kumzalisha David Warner, aliyeichezea Australia mwaka 2009 kabla hajacheza hata mechi moja ya daraja la kwanza, yaani zile za siku nyingi. Warner mwenyewe amesimulia kuwa aliyemwambia atang'ara zaidi kwenye Testi ni Sehwag, kwa sababu wadakaji wote wamekukaribia na uwanja uko wazi nyuma yao. Miaka michache baadaye, Perth 2012, akawapiga India wenyewe 180 kwa mipira 159.

Haikuwa dawa ya kila mahala. Wastani wa Sehwag katika viwanja vya Uingereza, New Zealand na Afrika Kusini haukufika 30, na Edgbaston mwaka 2011 alitolewa kwa mpira wa kwanza aliokabiliana nao, katika zamu zote mbili. Mpira ukipinda kweli, mikono mizuri haitoshi.

Lakini waliokuja nyuma hawakutishika. Rawalpindi 2022 Zak Crawley na Ben Duckett walipiga mia kila mmoja, Uingereza ikamaliza siku ya kwanza na 506 kwa wiketi 4, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya kwanza ya Testi. Na Perth, Novemba 2025, Travis Head akapandishwa kutoka katikati kama Sehwag, kwa kuwa mfunguzi Usman Khawaja alikuwa na maumivu ya mgongo. Shabaha ilikuwa 205. Yeye peke yake alifanya 123 kwa mipira 83, na mechi ikaisha siku ya pili.

Mimi bado narudia kuangalia ufunguzi wa Edgbaston 2023. Mpira wa kwanza kabisa wa mfululizo wa Uingereza na Australia, Pat Cummins, nahodha na mrushaji wa Australia, anamrushia Crawley, na Crawley anaupeleka mpakani kwa mikimbio 4. Mapema tu asubuhi ile, mpira ungali mpya, Cummins alikuwa tayari na mtu mpakani ambaye nahodha wa zamani angemweka slipu.